Riwaya Haina Tamko la Tatizo

Fomu ya pendekezo la utafiti wa uzamili inaanza na jina la mada, unafuata usuli, halafu inakuja sehemu inayowatoa wanafunzi jasho kuliko mtihani wowote: tamko la tatizo. Hapo unatakiwa ueleze, kwa aya mbili tatu, ni kitu gani hakijajulikana duniani ambacho wewe, kwa mkopo wako wa SACCOS na msimamizi mwenye wanafunzi wengine lukuki, utakifanya kijulikane. Mimi nilitaka kuandika riwaya. Wahusika nilikuwa nao, kijiji kimoja cha upande wa Bahi nilikuwa nacho, na njaa iliyotokea zaidi ya karne moja nyuma nilikuwa nayo. Tatizo sikuwa nalo.

Kwa wasionifahamu: mimi ni mtumishi wa masjala katika wizara mojawapo pale Mji wa Serikali, Mtumba. Nafungua majalada, nayasajili, nayasambaza, nayatafuta yanapopotea. Kuandika hadithi nimeanza kabla ya ajira, na nilipoamua kurudi darasani nilijua ninachokitaka: shahada ya uzamili ya uandishi bunifu, ile ambayo mwishoni unakabidhi mswada wa riwaya, diwani au tamthiliya, na watahini wanakuweka kitimoto kuhusu huo mswada. Vyuo vya nyumbani nilivyoviulizia vilinipa jibu la kufanana. Tuna uzamili wa Kiswahili, dada. Chagua isimu au fasihi. Nikachagua fasihi. Nimemaliza, joho nimevaa, na sasa nina ya kusema.

Nianze na ng'ambo, maana maswali mengi ninayoulizwa na vijana ni ya huko.

Shahada hii kwa Marekani si kitu kigeni. Chuo Kikuu cha Iowa kilianzisha programu yake mwaka 1936, na kutoka hapo vyuo vingi vikafuata. Uingereza ilichelewa: Chuo Kikuu cha East Anglia kilianza mwaka 1970, waanzilishi wakiwa waandishi Malcolm Bradbury na Angus Wilson, na mwanafunzi wao wa kwanza alikuwa Ian McEwan. Karibu miaka kumi baadaye akaingia Kazuo Ishiguro, ambaye mwaka 2017 alipata Nobeli ya fasihi. Karibu zaidi na kwetu kuna Afrika Kusini. Chuo Kikuu cha Cape Town kinayo, Wits kule Johannesburg kinayo, Rhodes kule Makhanda kinayo.

Uingereza ni mwaka mmoja na ada yake inatisha. Wapo wanaopita kwa ufadhili wa Chevening, ule wa serikali ya Uingereza, unaolipia uzamili wa mwaka mmoja, unaotaka uwe na uzoefu wa kazi wa miaka miwili na ukubali kurudi nyumbani kwa miaka miwili baada ya masomo. Marekani ni miaka miwili hadi mitatu, na hapo kuna siri ambayo wengi hawaijui: programu nzuri zaidi hukusamehe ada na kukupa posho ya kujikimu, mara nyingi kwa sharti kwamba ufundishe wanafunzi wa shahada ya kwanza. Zinachukua watu wachache mno. Maombi hufungwa Desemba na Januari, na kinachokubeba si matokeo yako bali kurasa ishirini au thelathini za maandishi yako mwenyewe. Na msichanganye hilo na ule mpango wa Iowa wa waandishi wa kimataifa, ulioanza mwaka 1967. Ule ni makazi ya mwandishi kwa wiki kadhaa. Unakwenda, unaandika, unakutana na wenzako wa nchi nyingine, unarudi. Hauna shahada.

Hizo kurasa ishirini, sasa. Zinatakiwa kwa Kiingereza. Mtu aliyeandika maisha yake yote kwa Kiswahili anaambiwa ajieleze kwa lugha ambayo ameitumia kwenye mitihani na kwenye barua za kuomba kazi. Nilijaribu. Wahusika wangu, watu wa Bahi waliokufa kwa njaa, wakaanza kuongea utadhani wako kwenye semina elekezi. Nikafunga faili.

Lakini niliendelea kusoma tovuti za vyuo usiku, bando likiniruhusu, na ndipo nilipokutana na jambo ambalo sijaacha kulifikiria. Iowa hiyohiyo ina uzamili wa uandishi bunifu kwa Kihispania. Chuo Kikuu cha Texas kilichopo El Paso, mpakani na Meksiko, kinao wa lugha mbili, Kihispania na Kiingereza bega kwa bega. Na Rhodes, kule Makhanda, mwanafunzi anaruhusiwa kuandika kazi yake kwa Kixhosa. Kwa hiyo hoja kwamba shahada ya namna hii ni ya Kiingereza kwa asili haina miguu. Sisi kila Julai 7 tunaadhimisha Siku ya Kiswahili Duniani, tangu UNESCO ilipoitangaza mwaka 2021, kwa maandamano, fulana na hotuba. Halafu kijana wa Manyoni anayetaka kusomea uandishi wa riwaya kwa lugha hiyo tunamwambia akachambue za wengine.

Kuna wanaosema: waandishi wakubwa wa Kiswahili hawakuwa na shahada ya kuandika, mbona walituandikia? Kweli tupu. Shaaban Robert alikuwa karani wa forodha. Na hapa kwetu kila asubuhi daladala ikipita Ihumwa kuelekea Mtumba namkumbuka Mathias Mnyampala, Mgogo aliyezaliwa hukohuko mwaka 1917, akasoma shule za misheni, akawa mwalimu, karani, liwali, hakimu, na katikati ya kazi hizo akaandika historia ya Wagogo na kuwa mmoja wa washairi walioipa nchi hii ngonjera. Alifariki mwaka 1969. Abiria wengine mle ndani wanaangalia simu zao, nami siwalaumu, maana hakuna kibao chochote nilichowahi kukiona barabarani kinachomtaja.

Ila hoja hiyo ina upande wa pili. Euphrase Kezilahabi alisoma Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, riwaya yake ya kwanza ikatoka mwaka 1971, na alipokuja kuandika tasnifu ya uzamili, aliiandika kumhusu Shaaban Robert. Ebrahim Hussein naye tamthiliya yake ya Kinjeketile ilitoka mwaka 1969, kisha akaenda Berlin kuandika tasnifu ya uzamivu juu ya tamthilia za Afrika Mashariki. Waone hao wawili. Chuo kilikuwa na watunzi hai mikononi, kikawapa shahada kwa uhakiki, na utunzi wao ukabaki mambo yao binafsi. Walikuwa na vipaji vya kubeba vyote viwili. Mimi nawafikiria wale ambao hawakuweza kubeba vyote viwili, ambao majina yao hatuyajui kwa sababu uhakiki uliwamaliza nguvu.

Msimamizi wangu, mama mmoja mpole mwenye miwani ya kusomea iliyofungwa kamba, alizisoma sura tatu za riwaya nilizompelekea kabla hata sijajaza fomu. Akaniita ofisini.

"Mwanangu, hii kazi nimeisoma mpaka saa sita usiku."

"Asante, Dokta."

"Sasa tatizo la utafiti liko wapi?"

Hakuwa ananikejeli. Kanuni zilikuwa mezani kwake na hazikumpa pa kutokea: tasnifu iwe na tatizo, malengo, maswali, mapitio ya kazi tangulizi, kiunzi cha nadharia, mbinu, uwasilishaji wa data. Tukakaa chini tukapata mada. Mnaijua mitaala yetu, mnaijua na mada yenyewe hata nisipoitaja: usawiri wa kitu fulani katika riwaya teule za mwandishi fulani. Kama umesoma fasihi Tanzania umeandika mojawapo au umemchapia mwenzako. Niliifanya kwa uadilifu, nikaitetea, mtahini wa nje akanirudishia marekebisho madogo ya marejeleo. Ipo maktaba, imebanwa vizuri, jalada gumu jeusi. Naamini mchwa watakuwa wasomaji wake waaminifu.

Afisa utumishi wetu naye nilimpelekea nakala ya cheti. Alikigeuza nyuma na mbele. "Hongera sana dada. Na hii ya Kiswahili tutaiweka kwenye kada gani?" Tukacheka wote wawili. Swali lake hata hivyo lilikuwa la kazi, na mtumishi yeyote anayetaka kusomea sanaa inafaa alijibu mapema, kabla ya kuomba ruhusa ya masomo. Kama ndoto yako ni kufundisha chuo kikuu, nako kuna namba zake: uhadhiri msaidizi unadai GPA ya 3.8 shahada ya kwanza na 4.0 uzamili. Riwaya nzuri haiongezi hata nukta.

Baada ya kusema hayo yote, itanibidi nikitendee haki kile kilichonipa faida, na kilinifaa kwa namna ambayo sikuitarajia.

Njaa ninayoiandikia inaitwa Mtunya. Iliwakumba Wagogo kati ya 1917 na 1920. Vita Kuu ya Kwanza ilipita juu ya nchi hii, Wajerumani wakachukua nafaka, ng'ombe na wanaume wa kubeba mizigo. Walipoingia Waingereza nao wakachukua kilichosalia. Kisha mvua zikagoma. Bibi yangu hakuiona. Alisimuliwa na mama yake, aliyeivuka akiwa binti mdogo, na mimi nikasimuliwa jikoni tukichambua mlenda. Nilipokaa kuiandika niligundua kwamba njaa ni kitu kigumu sana kusimulia. Hakuna kinachotokea. Watu wanangoja. Mwezi wa kwanza wanangoja, wa tano wanangoja, na msomaji naye anaanza kungoja kitabu kiishe. Rasimu yangu ya mwanzo ilikuwa na sura kumi na mbili za kuumwa tumbo.

Muhula wa pili tukafundishwa usimulizi. Mhadhiri aliandika ubaoni jina la Gérard Genette, Mfaransa aliyechapisha nadharia yake mwaka 1972, na chini yake maneno matatu: mpangilio, muda, marudio. Darasa zima likanakili, maana swali la mtihani lilikuwa linajulikana tangu enzi: taja na ueleze, kwa mifano. Mimi nilinakili nikiwa na Bibi kichwani. Genette anauliza kitu rahisi mno: tukio lilichukua muda gani kutokea, na linachukua kurasa ngapi kusimuliwa? Kuna mahali msimulizi anakwenda sambamba na tukio, neno kwa neno. Kuna mahali anafupisha. Kuna mahali anaruka kabisa. Kuna mahali anasimama, tukio limeganda, yeye anaeleza jiwe au uso wa mtu.

Nikakumbuka jinsi Bibi alivyokuwa akisimulia. Siku ile mama yake na kaka zake walipopata mizizi ya mwituni, wakaichemsha, wakamwaga maji, wakaichemsha tena kwa sababu ya sumu, huku mdogo wao akilia apewe vilevile ilivyo: hapo Bibi alikaa hata nusu saa, kila maji yalivyobadilika rangi alitwambia. Halafu akasema, kwa maneno ya mama yake, "Mwaka uliofuata hatukulima," na mwaka mzima ukawa umekwisha. Sentensi moja. Sisi watoto tulishtuka zaidi kwa ile sentensi moja kuliko kwa mizizi yenye sumu.

Nilirudi nyumbani Nkuhungu nikafuta sura kumi. Riwaya sasa ina milo minne mirefu, na katikati yake miaka inapita kwa aya fupifupi. Hiyo ilitoka darasani, sina ubishi. Bibi alikuwa na ufundi huo, lakini bila yule Mfaransa nisingejua kwamba kile ni kitu kinachoweza kutolewa kwenye hadithi ya mtu mmoja kikawekwa kwenye ya mwingine. Tatizo ni kwamba darasani tulikitumia kuweka lebo kwenye riwaya ambazo zilishachapishwa tangu wazazi wetu wako shule. Hakuna siku hata moja tuliyoambiwa: haya, chukua sura yako, badilisha mwendo wake, Jumatatu uilete.

Hiyo Jumatatu ndiyo tulijitengenezea wenyewe, ikawa Jumamosi.

Tunakutana Ng'hong'hona, nyuma ya steshenari moja, chini ya mwarobaini, kwenye meza ya plastiki ambayo mguu wake mmoja umefungwa waya. Tuko watano wa kudumu. Yupo muuguzi wa Kondoa anayeandika mapenzi. Yupo kijana mwenye shahada ya ualimu anayesubiri ajira na huku anaendesha bodaboda. Huyu ni mshairi, na ni mkali. Yupo dada wa Kongwa. Yupo Mwalimu, mstaafu wa shule ya msingi kutoka Mpwapwa, anayeandika riwaya ya upelelezi. Na mimi.

Utaratibu tuliuiga kutoka huko kwenye vyuo vya Marekani: kila mtu anasoma kazi ya mmoja kabla ya siku, tunakutana, tunaijadili, na mwenye kazi ananyamaza kimya hadi mwisho. Sheria hiyo ya kunyamaza ina wapinzani wengi hukohuko ilikozaliwa, na wana sababu zao. Kwetu ilikwama kwa sababu nyingine kabisa. Sura ya kwanza ilikuwa ya Mwalimu. Nani amwambie mzee wa miaka sabini, aliyetusalimu "Mbukwenyi" na kutuagizia soda, kwamba inspekta wake anachosha? Tukaanza. "Kwa kweli Mwalimu lugha ni nzuri." "Mandhari imekaa vizuri sana, Mwalimu." "Hongera, Mwalimu." Duara likaisha. Mzee akavua kofia akaiweka mezani.

"Wanangu, mimi nimefundisha darasa la tatu miaka mingi. Uso wa mtoto ambaye hajaelewa lakini anaitikia naujua. Hapa naziona nyuso nne za namna hiyo."

Kimya. Kisha muuguzi, akiangalia chupa yake ya soda: "Mwalimu, nisamehe. Mimi nilisinzia pale inspekta anapoagiza chai ya pili."

"Ahaa. Ya pili tu? Ya kwanza je?"

"Ya kwanza nilivumilia."

Kuanzia hapo tulibadilisha sheria. Mwenye kazi haanzi kwa kunyamaza. Anaanza kwa kusema nini kinamsumbua kwenye sura ile, nasi tunajibu hilo kwanza. Mkubwa kwa umri ndiye anayetaja kasoro wa kwanza, hata kwenye kazi yake mwenyewe, akishafungua mlango wadogo wanapita. Na kazi anaisoma kwa sauti mtu mwingine, kamwe si mwenyewe. Hili la tatu ndilo lenye dawa kuliko yote. Ukimsikia kijana wa bodaboda anajikwaa kwenye sentensi yako, anarudi nyuma, anajikwaa tena, huhitaji mhakiki. Inspekta wa Mwalimu sasa hanywi chai hata kidogo na ana vidonda vya tumbo, jambo ambalo limekuja kuwa muhimu kwenye kesi.

Muuguzi wetu hajasoma fasihi popote, na mimi namhesabu kuwa ndiye anayejua zaidi. Anaandika hadithi za kuendelea kwenye WhatsApp. Sehemu tano za kwanza bure, kuanzia ya sita unatuma shilingi 1,000 kwa simu ndipo unapewa zilizobaki. Wasomi wanazibeza hadithi hizi, na nyingine zinastahili. Lakini mwanamke huyu anajua mahali pa kukata. Anajua kwa sababu akikata vibaya, pesa haiingii usiku ule. Hakuna mhadhiri aliyewahi kuniambia ukweli kwa haraka namna hiyo. Ninachomuonea huruma ni kwamba hana muda wa kurudi nyuma: akishatuma sehemu ya nane hawezi tena kuirekebisha ya pili, na yeye mwenyewe anasema ana hadithi moja ambayo angepewa mwaka wa kuikalia ingekuwa kitabu. Mwaka wa kuikalia, watu wanaokusoma, na tarehe ya kukabidhi. Shahada ya uandishi bunifu ukiivua joho lake inabaki na hivyo vitatu.

Tarehe tumejifunza kuziazima kutoka kwenye tuzo. Tuzo ya Kiswahili ya Mabati-Cornell, iliyokuja kuitwa Safal-Cornell, ilianzishwa mwaka 2014, nayo inapokea miswada ambayo haijachapishwa. Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu ilizinduliwa mwaka 2022 chini ya Taasisi ya Elimu Tanzania, na washindi hutangazwa Aprili 13, siku aliyozaliwa Nyerere. Kundi letu linaishi kwa kalenda hizo mbili. Hatujashinda. Lakini miswada miwili imefika mwisho kwa sababu kulikuwa na siku ya kufunga dirisha, na mswada uliofika mwisho ni mnyama tofauti kabisa na mswada ambao mtu "anaendelea nao".

Mmoja wa hiyo miwili ni wa dada wa Kongwa, na ndio ulionifanya nirudi kwenye lile tamko la tatizo. Babu yake alifanya kazi kwenye mradi wa karanga wa Waingereza, ulioanza mwaka 1947 na kufa mwaka 1951. Walikuja na mashine za kila aina, mpaka vifaru vya vita vilivyogeuzwa matrekta, wakakuta udongo unaogeuka jiwe kiangazi na mvua isiyofuata ratiba ya London. Ili aandike kurasa mia mbili, dada huyu aliwahoji wazee wa Kongwa na kuwarekodi, akalinganisha wanavyosema na ripoti za wakati ule, akapima mwenyewe mwendo wa miguu kutoka kijiji cha babu yake hadi zilipokuwa kambi, akagundua kwamba vibarua walikuwa na nyimbo za kuwacheka mabwana shamba na kwamba vijana wa leo hawazijui. Alipotusomea orodha ya aliyoyafanya nilimwuliza kama anajua hiyo ni nini. Hakujua. Ni sura ya tatu ya tasnifu, dada: eneo la utafiti, walengwa, mbinu za kukusanya data, uaminifu wa data. Kila kitu kipo. Tatizo la utafiti nalo lipo, ila halikujulikana mwanzo. Alilikuta ukurasa wa 140, babu alipokataa kurudi nyumbani baada ya mradi kufa, na yeye mwandishi hakuwa anajua kwa nini.

Kwa hiyo nilirudi kwa msimamizi wangu, safari hii si kama mwanafunzi, nikiwa na hoja moja. Kanuni za uzamili zinaweza kuachwa zilivyo karibu zote. Uingereza, uzamivu wa uandishi bunifu una sehemu mbili: kazi ya kubuni, na maelezo ya kihakiki yanayoonyesha kazi ile imetokana na nini na imeongeza nini. Tuweke kifungu kimoja kwamba tasnifu ya fasihi inaweza kuwa mswada wa Kiswahili, wa riwaya, diwani, tamthiliya au hadithi fupi, ukiambatana na maelezo hayo. Mapitio ya kazi tangulizi yabaki. Nadharia ibaki, mwanafunzi aeleze ameitumiaje. Utetezi ubaki. Na tamko la tatizo lihamie mwisho, mahali ambapo mtunzi anakuwa ameshalijua.

Dokta alisikiliza, akavua miwani. Hakukataa. Alisema niandike rasimu ya kifungu, ataipeleka kwenye kikao cha idara, kutoka hapo ndaki, kutoka ndaki seneti, na nisitegemee mwaka huu. Mtu wa masjala haogopi safari ya jalada. Rasimu nimeiandika, na ilipita vizuri mpaka kwenye kipengele cha watahini. Kanuni zinataka mtahini wa tasnifu awe na shahada ya uzamivu. Mimi niliweka kwamba mmoja wa watahini lazima awe mtunzi aliyechapisha. Dokta akaandika pembeni kwa kalamu nyekundu: "Shaaban Robert asingeruhusiwa kutahini. Mnyampala pia. Tunafanyaje?"

Tumekubaliana kujaribu hivi: mtahini mmoja mwenye uzamivu, na msomaji mtunzi ambaye ripoti yake ina uzito uleule hata kama hana shahada yoyote. Kikao kitauliza uzito huo unapimwaje, na anayemchagua huyo mtunzi ni nani. Ninahitaji mifano ya vyuo vya Afrika vilivyowahi kulitatua jambo hili kwenye lugha ya Kiafrika, pamoja na maneno kamili ya kanuni zao. Kama umesoma Rhodes ukaandika kwa Kixhosa, au unamjua aliyefanya hivyo, niandikie kabla idara haijakaa.